Kwa nini msitu wa Limbo una kina na wangu uko bapa?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Najifunza kutengeneza gemu za kukimbia na kuruka kwa Godot, programu ya kuundia gemu, kwenye laptop isiyo na kadi ya grafiki. Gemu ya Limbo nimeimaliza mara tatu, na kila mara najiona kama nimo ndani ya msitu ule. Ya kwangu nimeijaza miti, mawe na nyasi za kila rangi, lakini inaonekana kama kitenge kilichotundikwa ukutani. Ukungu nao umejaa michirizi. Je, ninunue kompyuta kubwa?

JIBU: Marahaba. Hela yako itunze. Limbo ilitoka mwaka 2010, kazi ya studio ya Playdead wa Copenhagen, Denmark, na ni nyeusi, nyeupe na kijivu tu.

Simamisha picha moja ya msitu ule uiangalie vizuri. Ardhi anayokanyaga mtoto ni nyeusi tii. Miti ya nyuma yake ni kijivu, na ya nyuma zaidi imepauka hadi inakaribia kumezwa na ukungu, kingo zake hazishikiki. Macho yetu yanajua tangu utotoni kwamba kilima cha mbali hupauka, basi yakiona mpauko yanahesabu umbali yenyewe. Kwenye picha uliyonitumia, mti wa nyuma una kijani kilekile cha mti wa mbele. Ubapa umeanzia hapo. Igeuze picha yote iwe kijivu. Kama mhusika wako anapotea kwenye majani, rangi zilikuwa zinakudanganya.

Halafu mwendo. Ukikaa dirishani kwenye basi, nguzo za umeme zinapita mbio na mlima kule uko palepale. Gawa mandhari yako matabaka manne au matano, kila moja na mwendo wake. Kwenye Godot 4 kuna Parallax2D, na namba unayoitafuta ni scroll_scale, yaani kasi ya tabaka likilinganishwa na ardhi: anga 0, miti ya mbali 0.2, ya kati 0.5, ardhi 1. Kisha weka tawi moja jeusi mbele ya kila kitu, 1.3 hivi, likatize skrini mara mojamoja. Wanafunzi wangu wengi hulisahau tawi hilo, nami nilikuwa nalisahau.

Michirizi ya ukungu haitokani na laptop yako. Skrini ya kawaida ina ngazi 256 za kijivu kutoka nyeusi hadi nyeupe. Ukungu wako ukitoka ngazi ya 20 hadi ya 40 kwenye upana wa pikseli 1920, kila ngazi inatandazwa kwenye pikseli 96 hivi, na jicho linauona mpaka. Dawa ni kunyunyiza chengachenga: pikseli hii ipande ngazi moja, jirani yake ishuke moja. Playdead walifanya hivyo kwenye Inside ya mwaka 2016, ndiyo maana giza la gemu ile ni laini vile. Ni mistari michache ya sheda, yaani programu ndogo inayopaka rangi kila pikseli, laptop yako itaimudu.

Ukipenda rangi, angalia Gris ya Nomada Studio wa Barcelona, ya mwaka 2018. Dunia inaanza bila rangi, nazo zinarudi moja baada ya nyingine kadiri unavyosonga, kwa hiyo nyekundu ikifika unaisikia mwilini. Ya kwako imezimwaga zote dakika ya kwanza.

Sauti nitakujibu siku nyingine, ila usiweke muziki kila mahali. Na mtazame tena yule mtoto wa Limbo: hana sura, ana vitone viwili vyeupe vya macho. Akifa, vinazimika. Hakuna maandishi yanayokuambia amekufa, na hayahitajiki.

Rekebisha kijivu kwanza, matabaka baadaye, kisha nitumie tena. Nyasi za zambarau, tafadhali, zing'oe zote.