Niliandika "amegeuzwa" na sikuwa nimemgeuza

Usiku ule niliandika "amegeuzwa", yaani mgonjwa amebadilishwa upande wa kulalia ili asipate vidonda, mara tatu kwenye faili la kitanda namba tisa: saa nne, saa sita na saa nane. Sikumgeuza hata mara moja. Ilikuwa mwezi wa saba, baridi yetu ya nyanda za juu imekaza, wodi ya wanaume imejaa, na zamu ni yangu na mhudumu mmoja. Mgonjwa alikuwa kijana mpasua mbao kutoka upande wa Mufindi. Mti ulimwangukia, uti wa mgongo ukaumia, na kuanzia kiunoni kwenda chini hakuwa na nguvu wala hisia. Alilala chali chini ya mablanketi mawili aliyoletewa na mama yake, kimya. Wodi ikijaa, asiyelalamika hupitwa, na mimi nilimpita.

Asubuhi mama yake alikuja kumwogesha, akaniita. "Sista, hebu njoo uniambie hapa pana nini." Alikuwa amemlaza ubavu peke yake, mama wa watu, amemwegemeza kwa goti lake. Mwisho wa mgongo, juu kidogo ya makalio pale mfupa unapojitokeza, palikuwa na alama pana kama kiganja, ya zambarau inayoelekea weusi. Ngozi haikuwa imepasuka. Nikamwambia, "Mama, hiyo ni alama ya kulalia tu, itaondoka."

Haikuondoka. Baada ya siku kadhaa ngozi ile ilikauka ikawa ngumu na nyeusi, na daktari alipoiondoa tukakuta shimo la kuingia ngumi ya mtoto. Yule kijana hakuweza kuhisi kidonda, lakini harufu aliisikia. Ndugu zake wakiingia saa ya kuona wagonjwa, aligeuza uso ukutani.

Hospitali siitaji na haina haja ya kutajwa. Naandika kwa wauguzi wenzangu, hasa mlioanza kazi juzi juzi, na kwa ndugu wanaouguza, kwa sababu jambo hili bado naliona karibu kila wodi ninayoingia, Iringa nilikoanzia na hapa Mbeya nilipo sasa.

Niseme ukweli: siku ile ile ungenipa mtihani wa vidonda vya mgandamizo, hivi tunavyoviita bedisoo, ningefaulu. Ningekutajia sehemu zote za hatari: kisogo, mabega, viwiko, mwisho wa mgongo, nyonga, vifundo vya miguu, visigino. Ningekuandikia kwamba mgonjwa ageuzwe kila baada ya saa mbili. Ningekueleza kwamba nyama ikibanwa kati ya mfupa na godoro, vile vimishipa vidogo vya damu vinafinywa, nyama inakosa damu na hewa, inakufa. Vyote hivyo nilivijua. Kulikuwa na vitu viwili nisivyokuwa navyo, na kimoja kilikuwa ujuzi kweli.

Darasani tulifundishwa kwamba dalili ya kwanza ni wekundu usiopotea ukibonyeza kwa kidole. Picha za vitabuni zilikuwa za wazungu. Ngozi ya mpasua mbao wa Mufindi haiwi nyekundu hivyo. Mimi nilikuwa nasubiri wekundu, kumbe mwili ulikuwa unasema kwa lugha nyingine. Kwenye ngozi nyeusi, macho yanakuja nyuma ya mkono. Weka mgongo wa kiganja chako juu ya mfupa, kisha uweke sentimita chache pembeni, linganisha. Pana joto kuliko jirani yake? Pana ugumu, au pamelegea kama embe lililoiva upande mmoja? Pamevimba kidogo, pamekuwa peusi zaidi, panang'aa? Kama mgonjwa ana hisia, muulize kama panauma au panawasha, na umsikilize. Fanya hivyo karibu na dirisha au kwa tochi, si kwa ile taa moja ya katikati ya wodi.

Na alama ya zambarau kwenye ngozi ambayo haijapasuka, naomba ikukae kichwani. Mara nyingi uharibifu umeanzia chini karibu na mfupa, na ngozi ndiyo inayopata habari mwisho. Niliyoiita "alama ya kulalia tu" ilikuwa nyama iliyokwisha kufa.

Kitu cha pili ni moyo wa kazi, na hapa ndipo panaponiuma zaidi. Nilikuwa nimeshaamini, bila kujiambia, kwamba kugeuza mgonjwa ni kazi ya ndugu. Sindano yangu, dawa yangu, presha yangu. Kugeuza na kuosha, mama yupo. Na usiku mama hayupo, anasubiri nje. Kisha kuna ile sentensi niliyowahi kuisema mwenyewe nikiwa nimechoka: "Huyu ameshapooza, vidonda atapata tu." Zamani hata madaktari wakubwa wa Ulaya walidhani hivyo, kwamba kidonda ni sehemu ya ugonjwa wa mishipa ya fahamu. Mwaka 1944 daktari Ludwig Guttmann alianza kutunza majeruhi wa uti wa mgongo pale Stoke Mandeville, Uingereza, watu ambao wengi wao walikuwa wakifa kwa vidonda na maambukizi ya mkojo. Akaagiza wageuzwe kila saa mbili, mchana na usiku, bila kuruka. Wakaishi, na wengine wakaingia viwanjani kucheza michezo. Godoro la upepo hakuwa nalo. Alikuwa na mikono ya watu na saa ya ukutani.

Najua utaniambia habari ya uhaba. Uko sahihi. Muuguzi mmoja na vitanda vimejaa, shuka hazitoshi, mara maji yamekatika. Sitakudanganya kwamba nia njema inageuza wagonjwa ishirini. Kwa hiyo usianze na wote. Tangu siku ya kupokelewa, jua nani yuko hatarini. Kuna kipimo kilichotengenezwa Marekani na wauguzi wawili, Barbara Braden na Nancy Bergstrom, kinaangalia mambo sita: kama mgonjwa anahisi, kama ngozi yake ina majimaji, kama anatoka kitandani, kama anaweza kujigeuza, anakula nini, na kama anaburuzika kwenye shuka. Alama zinaanzia 6 mpaka 23, na kwa mtu mzima 18 kushuka chini kwa kawaida ni hatari. Ukizoea, dakika mbili umemaliza. Katika wodi nzima utakuta wako wanne au watano, na hao ndio uwashike. Alama ukiiandika halafu ukaenda zako, umeongeza karatasi tu kwenye faili.

Tulichofanya sisi hakikuhitaji hela. Tulibandika karatasi kwenye kitanda, si ndani ya faili: saa, upande, na jina la aliyegeuza. Kushoto, chali, kulia. Ikiwa hapo kitandani kila mtu anaona kama saa nane iko wazi, hata mgonjwa wa jirani anakuuliza. Tukaunganisha kugeuza na mizunguko ambayo tayari tunaifanya, ya dawa na ya vipimo, zilizobaki tukagawana na wahudumu. Na wakati wa kukabidhiana zamu tukaacha kusema "hali inaendelea vizuri". Wawili tunafunua shuka, tunaangalia mgongo na visigino pamoja. Mwanzoni wenzangu walinuna, kwa sababu inachelewesha kwenda nyumbani. Walizoea.

Namna ya kugeuza nayo ina mambo yake. Usimlaze ubavu kamili, maana unauhamishia mzigo mfupa wa nyonga. Mwinamishe kidogo tu, nyuzi 30 hivi, blanketi lililokunjwa likiwa nyuma ya mgongo. Mto uweke chini ya mashavu ya miguu ili visigino vielee, visiguse kitu. Ukimpandisha juu, muwe wawili, mumnyanyue kwa shuka la katikati. Kumburuza kunachuna ngozi. Kumkalisha kitanda kimeinuliwa sana huku anateleza taratibu kwenda chini ni vibaya zaidi, maana ngozi inabaki na shuka wakati mfupa unashuka, na mishipa inavutwa katikati.

Aliyefungwa uzito wa kuvuta mguu hageuziki, na hao hapa kwetu ni wengi kwa ajali za bodaboda. Mfundishe kujinyanyua kwa ile chuma inayoning'inia, kidogo kidogo, mara nyingi. Kisha kagua kisigino cha mguu mzima. Watu wote wanaangalia mguu uliovunjika, kumbe ule mzima ndio anaousukumia godoro kutwa nzima akijisogeza, na kidonda kinatokea huko.

Kuna tulivyorithi ambavyo tuviache. Kusugua kwa spiriti na kupaka poda sehemu iliyobadilika rangi: spiriti inakausha ngozi, kusugua kunaumiza nyama iliyokwisha kudhoofika. Glovu iliyojazwa maji chini ya kisigino: eneo lake ni dogo, mzigo wote unarundikana pale pale. Kile kiduara cha pamba au cha nguo cha kukalia: kinabana damu kuzunguka sehemu unayotaka kuiokoa. Na kwa baridi yetu ya Juni na Julai, ndugu wanaweka makintoshi, ule mpira wa kutandika kitandani, juu yake shuka nene, juu yake mablanketi. Chini kule mgonjwa anatoka jasho, ngozi inalowa na kulainika. Mfunike vizuri, lakini pitisha mkono chini, na palipo na unyevu pakaushwe kwa kugusa, bila kusugua.

Chakula nakigusia tu. Ngozi haijijengi kwa uji mweupe. Ukanda huu una maharage, mayai, maziwa, maparachichi ya Rungwe na dagaa wa Ziwa Nyasa, na sisi ndio wa kumwambia ndugu alete nini. Mwenye ugonjwa wa figo aulize daktari kwanza.

Na ndugu tuwafundishe kwa mikono, tusiwaagize kwa mdomo. "Mama, umgeuze geuze" si mafunzo. Shika mkono wake, uweke pale kwenye mfupa, mwache alinganishe mwenyewe, mwonyeshe mto unakaa wapi, kisha akufanyie na wewe uangalie. Halafu usiku uifanye wewe, kwa sababu ni kazi yako.

Yule mama wa Mufindi nilimfuata siku chache baada ya daktari kufungua kidonda. Nilimwambia kwamba usiku ule sikumgeuza mwanawe, na kwamba nilichoandika hakikuwa kweli. Nilimwambia pia msimamizi wa wodi. Mama alinyamaza muda mrefu, akikunja ile kanga aliyokuwa nayo mkononi. Mwisho akasema, "Basi nifundishe, mwanangu." Nikamfundisha. Kidonda kilichukua miezi kufunga, na kabla hawajaruhusiwa nilimkuta siku moja kwenye kitanda cha jirani, ameshika mkono wa mama mwingine, anauweka juu ya nyonga ya mgonjwa: hapa, sasa pembeni, sasa hapa tena.

Mwaka uliofuata alinipigia simu kutoka nyumbani. Kijana alikuwa anakaa kwenye kiti cha magurudumu muda mrefu, na upande mmoja wa kalio ngozi ilikuwa imepoa kuliko upande wa pili. Akauliza kama baridi nayo ni dalili, maana mimi nilimwambia habari za joto tu. Nilimwambia ndiyo, mama, ni dalili. Mlaze, asikalie upande huo hata kidogo, na kesho mlete.