Nairuzi yao na Mwaka wetu

Mwanangu mpenzi,

Asalaam aleikum. Ujumbe wako wa juzi nimeusoma mara tatu. Umesema mwenzako wa kazini huko Dubai, binti wa Shiraz huko Iran, yaani Uajemi, alikusikia ukijiita Mshirazi wa Makunduchi, yaani mtu wa Unguja anayesema asili yake ni Shiraz, akastaajabu, akakuuliza: "Kwani mmebaki na nini cha kwetu?" Ukakosa la kusema, ukaja kwangu. Historia nimeifundisha miaka mingi, lakini hili acha nikujibu kama mama.

Kwanza usianze na damu. Mwaka 2023 ulichapishwa uchunguzi wa mifupa ya watu 80 waliozikwa zamani, wengi katika miji ya pwani yetu. Damu ya Uajemi imo, tena zaidi kwa upande wa baba. Upande wa mama karibu wote ni Waafrika wa huku huku. Na ule msikiti wa Kizimkazi ambao babu yako alikuwa akikupeleka ukiwa mdogo, ukuta wake wa kibla una maandishi ya Kikufi, herufi za Kiarabu za kale, ya mwaka 1107. Yatosha. Damu watu hubishana nayo mpaka asubuhi. Wewe mwonyeshe kinachofanywa.

Mwambie tumebaki na hesabu ya mwaka. Neno letu Nairuzi ni Nowruz yao, siku mpya. Ila yao huangukia Machi 20 au 21, na Mwaka Kogwa wetu, sikukuu yetu ya mwaka mpya, ni Julai. Hapo atakwambia basi si kitu kimoja. Mweleze hivi, na umweleze taratibu kwa sababu ni jambo zuri mno. Hesabu ya kale ya Uajemi ilikuwa siku 365 kamili, bila kuongeza siku kila mwaka wa nne. Kwa hiyo sikukuu ilikuwa ikirudi nyuma siku moja kila baada ya miaka minne, ikizihama kidogo kidogo nyakati zake. Mwaka 1079, zama za Sultani Malik Shah, wanajimu akiwemo Omar Khayyam waliirekebisha, wakaifunga Nowruz penye mwanzo wa machipuko. Wao wakaifuata hesabu mpya. Manahodha na wavuvi na wakulima wa pwani yetu wakabaki na ile ya kale: siku kumi kumi, kila kumi ikiitwa mwongo, miongo thelathini na sita, na siku tano za kumalizia. Waparsi wa India nao, waliotoka Uajemi, wengi wao mwaka wao mpya uko Agosti kwa sababu hiyo hiyo. Mwanangu, tulichobaki nacho ni hesabu ambayo Shiraz yenyewe iliiacha!

Halafu muulize yeye kwao wanafanya nini, usikilize. Atakwambia habari ya usiku wa kuamkia Jumatano ya mwisho ya mwaka, watu wanaruka moto huku wakiuambia uchukue umanjano wao, uwape wekundu wake. Yaani uondoe unyonge, ulete siha. Atakwambia meza ya vitu saba ambavyo majina yake kwa lugha yao yanaanza na sauti ya "s": ngano iliyochipuzwa kwenye sahani, kitunguu saumu, tufaha, siki na vinginevyo. Siku ya kumi na tatu familia nzima hutoka kwenda mabustanini, na ile ngano ikatupwa kwenye maji yanayokwenda. Sisi nasi huchoma kibanda cha makuti, na wanaume wa pande mbili hupigana kwa vigogo vya migomba mpaka kinyongo cha mwaka kiishe. Sitakwambia moto huu ni mtoto wa ule. Wetu una mambo yake na wazee wake.

Lakini mimi moyo wangu uko kwenye mazulia yao. Ufundi wa zulia wa mkoa wa Fars, ambao Shiraz ndio mji wake mkuu, uliingizwa kwenye orodha ya UNESCO ya urithi wa utamaduni mwaka 2010. Huko kwa wafugaji wanaohamahama, wanaume hukata sufu ya kondoo na kutengeneza mtambo wa kufumia, ambao hulazwa chini. Wanawake husokota nyuzi, huzitia rangi kwa nili, maganda ya komamanga, maganda ya jozi, hata majani ya saladi, kisha hufuma bila mchoro wowote mbele yao. Ua liko kichwani, na binti hujifunza kwa kukaa ubavuni mwa mama yake. Hakuna mazulia mawili yanayofanana. Niliposoma hayo nilikuwa na ukili mkononi, nikauweka chini kwanza. Kwani mimi nani alinichorea mkeka? Bibi yako alikuwa akinishika kidole gumba tu pale nilipokosea, akanifumulia, nikaanza upya. Wewe ulikuwa ukikimbia, na sikukulazimisha. Nasikitika kwamba sikukulazimisha.

Maana vitu hivi hufa na mtu. Mwaka 2011 UNESCO iliingiza kwenye orodha ya vinavyohitaji kuokolewa haraka ufundi wa kuunda lenji, majahazi ya Wairani wa Ghuba, pamoja na ujuzi wa kuyaendesha kwa jua, mwezi na nyota. Boti za faiba zimekuwa rahisi zaidi kuliko mbao. Hapa kwetu nani anayejua leo ni mwongo wa ngapi? Nilimuuliza mzee mmoja pwani, akanitajia papo hapo. Vijana wawili waliokuwa wakishona nyavu pembeni yake hawakujua.

Basi mlete huyo binti Julai. Unajua siku ya Mwaka nyumba isiyo na mgeni si nyumba yenye heri, na mwaka jana hukuja na mtu. Atalala chumba chako. Mkeka wake nimeshaufikisha katikati, lakini rangi nyekundu ya kuchemshia ukindu imeniisha, na ya dukani hapa inachujuka. Ukiipata nzuri huko, niletee pakiti mbili.

Mama yako