Hita inachemsha kupita kiasi kisha inajizima

Kaka, umeuliza kwa nini hita yako ya maji, uliyoiweka nyuzi 60, inachemsha mpaka mvuke unatoka bombani kisha inajizima, nawe unairudisha kwa kitufe. Shuku thamostati (kifaa kinachodhibiti joto), si koili (waya wa kuchemshia). Koili ikiungua maji hubaki baridi tu. Hapa inaelekea thamostati imeganda: haikati umeme maji yakifika nyuzi 60 ulizoweka, joto linapanda mpaka kinga ya joto kupita kiasi inafyatuka na kuzima hita. Tafadhali usiendelee kubonyeza kile kitufe cha kuiwasha tena, ni hatari kweli!

Zima swichi kuu, hakikisha kwa testa kuwa umeme haupo, fungua kifuniko. Maji yakishapoa kidogo chini ya nyuzi 60 lakini yangali ya moto, geuza thamostati hadi joto la chini kabisa. Thamostati nzima hulia "tik". Ikiwa kimya, badilisha, yenye ampea na urefu uleule wa kijiti cha kupimia joto. Fundi akague pia valvu ya usalama.