Usiwahesabu wakiwa wanazunguka

Mleta mada, ngoja kwanza. Unasema vuli hii unaanza kuhesabu ndege mbuai wanaohama, yaani tai, mwewe na jamaa zao, unauliza ununue darubini gani, uanze saa ngapi, halafu umetupia mwishoni kwamba utawahesabu wakiwa wanazunguka juu ya kilima "kwa sababu hapo wanaonekana vizuri". Hilo la mwisho lisiporekebishwa, msimu wako umeshakwenda na maji.

Nilifundishwa hivyohivyo. Mzoefu mmoja tuliyemheshimu sana alituambia tuhesabu duara: ndege wakijikusanya, piga jicho, andika, wakiongezeka, ongeza. Tukaandika, na idadi zilivyopanda kila jioni tulishuka kilimani tukiimba. Msimu ulipoisha, mkaguzi wa takwimu akauliza swali moja tu: mlijuaje kwamba ndege aliyeingia kwenye duara si yuleyule aliyetoka? Kimya. Siku zote za kilele, ambazo ndizo msimu wenyewe, zikafutwa.

Na hazikuokoleka, hilo ndilo linaloniuma hadi leo. Ukikosea jina la ndege, pengine kuna picha ya kurudia. Ukisahau kuandika upepo, watu wa hali ya hewa wanao. Lakini ndege aliyehesabiwa mara mbili au tatu hana alama. Huwezi kugawa kwa mbili ukasema yamekwisha, maana kosa lenyewe hubadilika kila saa kwa jua na upepo.

Elewa kwa nini wanazunguka. Jua likipasha ardhi, hewa ya moto hupanda. Tai na ndege wengine wenye mabawa mapana huingia humo na kupanda nayo kwa kuzunguka, karibu bila kupiga bawa. Wengine wanaingia kwa chini, wengine wanatoka kwa juu, wengine wanapotelea winguni, na hewa ikidhoofika wapo wanaorudi nyuma kutafuta nyingine. Humo hakuna hesabu. Wakishafika juu, hukunja mabawa kidogo na kuteleza upande mmoja, huyu nyuma ya yule. Hapo wanakupangia foleni wenyewe, bila askari wala filimbi! Chagua mstari angani juu ya alama ya ardhini, mti mrefu au mnara, uhesabu anayeuvuka kuelekea wanakohamia. Akirudi, mtoe. Wakija wengi mno, hesabu kumi kumi kwa kile kidude cha kubonyeza kwa kidole gumba, maana ukiinama kuandika wameshapita.

Yule mzoefu nilipomrudia aliniambia eti tofauti si kubwa. Si kubwa! Veracruz, Mexico, vuli moja inaweza kupitisha ndege mbuai zaidi ya milioni 4; Batumi, katika nchi ya Georgia, zaidi ya milioni moja. Katika mafuriko ya namna hiyo, kurudia sehemu ndogo tu ni kubuni ndege maelfu kwa maelfu. Hawk Mountain, hifadhi ya ndege mbuai huko Pennsylvania, Marekani, walianza kuhesabu mwaka 1934, na hesabu zao zilisaidia kuonyesha kwamba tai wachanga wa Marekani, wale ambao vichwa vyao bado havijawa vyeupe, walikuwa wakipungua miaka ya DDT, ile dawa ya kuua wadudu. Rachel Carson, mwandishi aliyeonya juu ya madhara ya dawa hizo, alizitumia hesabu hizo kama ushahidi. Upungufu wa aina hiyo unaonekana tu pale aliyehesabu zamani na anayehesabu leo wanapofuata utaratibu mmoja. Mtu mzima, mwenye heshima zake, anawafundisha vijana kuharibu kitu kama hicho, kisha anasema si kubwa.

Kozi hawaitegemei sana hewa hiyo, wengi hupita wakipiga mabawa, kwa hiyo hao hawatakusumbua. Saa isiyopitisha ndege andika sifuri, usiache wazi. Usiyemtambua mwandike hivyohivyo kuwa hajatambuliwa, usimpe jina la kubahatisha.

Lakini mstari, mkuu. Uchague kabla ndege wa kwanza hajatokea, uuchore kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari, na kila anayekupokea zamu mwonyeshe mti huohuo kwa kidole kabla hujashuka.