Simu aliyoninunulia mchumba wangu inamwonyesha kila ninapopita

Shikamoo Shangazi. Miezi michache iliyopita kibaka alinipora simu kupitia dirisha la daladala pale Buguruni. Mchumba wangu akaninunulia nyingine Kariakoo, na hapo hapo dukani akaingiza Gmail yake, akisema ikiibiwa tena ataitafuta kwa urahisi. Nilimshukuru. Siku hizi nikichelewa hunipigia na kuniuliza nafuata nini Temeke, ilhali sijawahi kumwambia kwamba napitia kwa mama mdogo. Nimesikia pia kwamba simu za watu baki zinaweza kuripoti ilipo simu yangu hata ikiwa haina bando. Sasa nikienda kwa mama mdogo simu naiacha juu ya friji, ikichaji. Je, namkosea? — M., Dar es Salaam

Marahaba, mwanangu. Hujamkosea mtu. Hata hivyo, barua yako imechanganya hofu mbili, na ile uliyoiandika mwishoni ndiyo ndogo, kwa hiyo niimalize kwanza.

Mtandao uliousikia upo. Apple walikuwa na wa kwao hata kabla ya mwaka 2021, walipoanza kuuza vile vidude vya kutundika kwenye funguo viitwavyo AirTag. Google walizindua wa simu za Android mwezi Aprili 2024, na sasa wanauita Find Hub. Simu iliyopotea hutoa mawimbi hafifu ya Bluetooth, simu ya abiria aliyeketi jirani huyanasa, hurekodi mahali ilipo, huufunga ujumbe huo kwa namna ambayo hata kampuni yenyewe haiwezi kuusoma, kisha huutuma bila abiria huyo kujua lolote. Google waliongeza tahadhari nyingine: usipobadilisha mipangilio, mtandao hutoa jibu pale tu ambapo simu kadhaa zimeinasa ile moja, kama vile stendi au sokoni. Kwa hiyo abiria wa daladala hawakuchungulii. Ila kila kufuli lina mwenye ufunguo, na hapa mwenye ufunguo ni yule ambaye akaunti yake imo ndani ya simu.

Hiyo ndiyo hofu kubwa. Mchumba wako hahitaji mtandao wa watu baki wala ujuzi wowote; akiwa ofisini kwake anafungua ukurasa mmoja kwenye kompyuta, anaona simu ilipo, na akitaka anaweza kuifanya iite, kuifunga, au kufuta kila kilichomo. Majina unayoyahifadhi huenda yanaingia kwake, picha pia kama uhifadhi wake umewashwa, na hata mambo unayoyatafuta usiku kwenye Google, yakiwemo maswali ya afya ambayo mtu hamwulizi hata dada yake. Sidhani kwamba alipanga yote hayo pale dukani. Mafundi wengi wa simu hufanya hivyo hivyo kwa wateja, jambo ambalo limenichosha kulikemea. Lakini kukuuliza unafuata nini Temeke hakuhusiani tena na kibaka. Ramani ilimwonyesha Temeke, haikumwonyesha mama mdogo akikupakulia ubwabwa, na sababu asiyoijua ameijaza mwenyewe kwa dhana.

Kabla ya kugusa chochote, jiulize kama umewahi kumwogopa kwa mkono wake au kwa vitisho vyake. Kama jibu ni ndiyo, usiiondoe akaunti ukiwa peke yako, kwa sababu ataona mara moja kwamba simu imetoweka machoni pake. Mweleze kwanza mtu mzima unayemwamini, na ufike Dawati la Jinsia na Watoto kwenye kituo cha polisi. Ile hila ya friji iendelee mpaka hapo.

Kama huna hofu hiyo, zungumza naye kwanza, ana kwa ana, simu ikiwa mezani. Mwambie unashukuru kwa zawadi, na kwamba simu uliyopewa ili uwe salama njiani sasa unaiacha nyumbani. Ulinzi huo haumsaidii yeye wala wewe.

Kisha fungua Gmail yako mwenyewe, kwa nenosiri ambalo hakuna analijuaye ila wewe. Hamisha majina kwanza, kwa maana yale yaliyohifadhiwa kwenye akaunti yake yatapotea kwenye simu siku utakapoiondoa, na utabaki unampigia mama yako kwa kukumbuka tarakimu. Baada ya hapo ingia kwenye Mipangilio, sehemu ya Akaunti, uiondoe yake. Usikubali fundi akushauri kufuta simu yote akaunti ile ikiwa bado imo. Simu ikiwaka huenda ikadai nenosiri la mchumba wako na kugoma kabisa. M-Pesa haitaguswa, kwani imefungamana na laini. Malizia kwa kubadilisha namba ya siri ya kufungulia simu, kisha utazame kwenye Ramani za Google na WhatsApp kama kuna mahali panaposhirikishwa bila wewe kujua.

Ukibaki na shaka juu ya vidude vya kufichwa kwenye mkoba, tangu Mei 2024 Apple na Google wanafuata utaratibu mmoja, na simu ya Android au iPhone iliyosasishwa hukutahadharisha pale inapogundua kidude kisicho chako kinachosafiri nawe.

Siku utakayorudi usiku na kutaka akufuatilie, WhatsApp hukuruhusu kumwonyesha ulipo kwa dakika 15, saa 1 au saa 8, kisha hujizima yenyewe. Utachagua wewe, safari kwa safari.

Na kuhusu vibaka: bonyeza *#06#, nakili IMEI itakayotokea, yaani namba ya utambulisho wa simu, uiweke pamoja na risiti ya Kariakoo, kwani polisi wataiulizia. Mpe mchumba wako nakala ya namba hiyo. Ukiporwa tena, ataweza kukusaidia kuripoti, na siku nyingine zote haitamwambia umepita wapi.