Setilaiti au vituo vya redio? Majibu kwa marubani wanaopanga safari

Kipokezi changu cha GPS hunionyesha nilipo kwa usahihi mkubwa. Kuna haja gani ya kuhangaika na vituo vya VOR, yaani vituo vya redio vya ardhini vinavyomwonyesha rubani yuko upande gani wa kituo?

Itumie GPS kuwa kiongozi wako mkuu, kwani hukupeleka moja kwa moja bila kuzunguka kutoka kituo hadi kituo, ilhali kosa la digrii 1 tu kwenye VOR hukutoa nje ya njia kwa takriban maili 1 ya baharini ukiwa maili 60 kutoka kituoni. Hata hivyo, ishara ya setilaiti husafiri zaidi ya kilomita 20,000 na hutufikia ikiwa dhaifu mno, hivyo mtambo mdogo ulio ardhini waweza kuizima au, vibaya zaidi, kuighushi, skrini ikaendelea kuonyesha njia safi huku ndege iko kwingine. Mwaka 2024 shirika la Finnair lilisimamisha safari zake za Tartu, Estonia, kwa takriban mwezi mmoja, kwa sababu utaratibu wa kutua uliotumika huko ulitegemea GPS, nayo ilikuwa ikivurugwa. Ndege zilikuwa nzima. Kilichokosekana ni njia ya pili.

Nianzie wapi ninapopanga?

Anzia mwisho wa safari. Hakikisha kwamba uwanja unaokwenda, au angalau ule wa akiba, una ILS (mitambo ya redio inayoiongoza ndege kutua) au VOR ambayo ndege yako inaweza kuipokea, kisha usome notamu, yaani matangazo rasmi kwa marubani, maana kituo kilichochorwa kwenye ramani huenda kimezimwa kwa matengenezo. Kwa kila kipande cha safari andika masafa ya kituo kilicho karibu, ukikumbuka kwamba mawimbi ya VOR hayapiti milimani: ukiwa futi 1,000 juu ya nchi tambarare usitarajie kukipata kituo kilicho mbali zaidi ya maili 40 hivi. Ukiwa angani, usiuamini mshale wa kipokezi cha VOR kabla hujasikia herufi za kituo katika alfabeti ya Morse na kuzilinganisha na za ramani, hata kama mshale umetulia barabara. Nalisisitiza hili kwa sababu ndilo linalorukwa upesi rubani akiwa na haraka.

Na NDB, kituo rahisi cha redio ambacho mshale ndani ya ndege hukielekea, je?

Ni msaada wa mwisho. Radi huuvuta mshale wake kuelekea kwenye dhoruba, na usiku mawimbi yanayorudi kutoka anga za juu huuyumbisha, kwa hiyo usipange kuitegemea peke yake hali ya hewa ikiwa mbaya.