Msiandike "Chanzo: Mtandao", andikeni jina lake

Salaam wana jukwaa. Mleta mada, pokea salamu kutoka Morogoro.

Nimeusoma uzi wako mara mbili. Umesema kikundi chenu cha vijana hapo Dodoma kimechanga laki nane, mnataka kufanya hafla ya kuwaenzi wanawake wanaoandika blogu kwa Kiswahili, na unauliza kama mtoe ngao na vyeti au kuna jambo lenye maana zaidi. Halafu kaka mmoja hapo juu akakwambia mnapoteza hela, eti wanawake wa Bongo mtandaoni hawana wanaloandika zaidi ya umbea. Nitawajibu wote wawili, na mnivumilie, maana hili limenigusa. Mimi ni fundi cherehani, na blogu yangu ya ushonaji niliifungua mwaka 2009.

Wakati huo nilikuwa na cherehani moja ya kukanyaga, barazani kwa shangazi. Jioni nikishafunga kazi nilikuwa nakwenda intaneti kafe karibu na stendi, shilingi 500 kwa nusu saa. Somo zima nilikuwa nimeshaliandika kwenye daftari mchana, nikifika ni kuchapa tu, dakika zisiniishie. Nilifundisha namna ya kumpima mtu ambaye bega lake moja limeshuka, namna ya kukata shingo bila kuharibu kitambaa, namna ya kulaza kitenge ili ndege wa mbele na wa nyuma wote wasimame wima. Hayo mambo mafundi wengi hawamwambii mwanafunzi hadi awatumikie miaka miwili. Mimi yalinitesa, nikasema sitayaficha.

Miezi miwili ya mwanzo hakuna aliyekuja. Unachapa, unalipa, unarudi nyumbani, kesho yake unakuta kimya. Halafu siku moja nikakuta komenti tatu kwa mpigo, na zote zilitoka sehemu moja. Mwanablogu mwenzangu, mwanamke ambaye mpaka leo hatujawahi kuonana uso kwa uso, alikuwa ameiweka blogu yangu kwenye ile orodha ya pembeni ya blogu yake, na chini yake akaandika: "Huyu dada anajua kushona na anajua kueleza." Basi. Maneno saba, lakini nilitoka pale kafe nikatembea hadi nyumbani nikiwa nayarudia moyoni.

Wanaokumbuka miaka ile wanajua blogu za Kiswahili zilivyokuwa kama kijiji. Ndesanjo Macha alishatangulia na blogu yake, Jikomboe, akawavuta wengi. Na wanawake walikuwepo tangu mapema, kaka yangu, walikuwepo kabisa. Kulikuwa na blogu ya Mwanamke wa Shoka. Kulikuwa na Maisha na Mafanikio, iliyokuwa ikiandikwa kutoka Sweden na binti wa Ruhuwiko, kule Songea, na komenti zake zilikuwa mjadala wa kweli, watu wanabishana kuhusu malezi, lugha za nyumbani, ndoa, wanaagana kwa heshima na kurudi kesho yake. Mwandishi mmoja akiandika, mwingine anamjibu kwenye blogu yake na kuweka kiungo cha kurudi kwa mwenzake. Hivyo ndivyo tulivyotangazana, bila ngao wala kamati.

Sasa nikupe kisa ambacho ndicho hasa kimenifanya niandike usiku huu.

Mwaka 2013 nilinunua karanga za kukaanga mtaani, zimefungwa kwenye kipande cha gazeti. Nimezila, nakaribia kulitupa karatasi, nikaona picha. Mkono wa mtu umeshika chaki ya fundi juu ya kitenge cha bluu, na chini ya kidole gumba kuna kovu lenye umbo la nusu mwezi. Kovu hilo ninalo. Niliungua na pasi ya mkaa nikiwa darasa la sita. Ulikuwa mkono wangu, kwenye kitenge changu, na chini ya picha wameandika "Chanzo: Mtandao". Nikasoma maandishi yaliyobaki: ni somo langu, neno kwa neno, mpaka kosa langu. Siku ile niliyoliweka somo lile kwenye blogu nilikuwa nimekosea kipimo cha mkono, nikaandika inchi 11 mahali pa inchi 17. Msomaji wa Songea aliniambia kwenye komenti siku ya pili, nikarekebisha palepale na kumshukuru. Gazeti lilikuwa limechukua kabla ya marekebisho.

Nilipiga simu kwenye hilo gazeti. Aliyepokea akaniambia nishukuru wamenitangaza. Nikamuuliza, umenitangaza vipi na jina langu halipo? Akakata.

Nilikaa nikafikiria wale kina mama waliokata kitambaa kwa inchi 11. Kitenge cha watu kimeharibika na hawana wa kumuuliza. Kama jina langu lingekuwepo, hata kwa herufi ndogo, mmoja wao angenitafuta, angekuta kipimo kimesharekebishwa, au angenifokea na mimi ningemwomba radhi na kumwelekeza namna ya kuokoa kitambaa. Jina la mwandishi ndiyo njia ya msomaji kurudi kwake. Ukilikata, umemnyang'anya mwandishi jasho lake na msomaji umemwacha njia panda. Siku hizi hali imezidi kuwa mbaya, maana WhatsApp imejaa masomo ya wanawake waliokaa wiki nzima wakiyaandaa, mtu anakata ile sehemu yenye jina, anaandika "imenifikia kama ilivyo", anatuma kwenye makundi kumi.

Kwa hiyo ukiniuliza wanawake hawa waenziwe vipi, jibu langu la kwanza ni hilo: watajwe. Kwa majina wanayotumia wenyewe, na kiungo cha kazi yao, kila mahali kazi yao inapotumika.

Nirudi kwako kaka wa umbea. Naomba ufikirie Kenya, mwishoni mwa Desemba 2007. Uchaguzi umevurugika, serikali imepiga marufuku matangazo ya moja kwa moja, watu wanauana, na aliye Kisumu hajui kinachotokea Naivasha. Ory Okolloh, mwanasheria aliyekuwa na blogu iitwayo Kenyan Pundit, alikuwa akipokea taarifa za watu na kuziandika. Zikamzidi. Tarehe 3 Januari 2008 akaandika kwenye blogu hiyo kuomba wenye ujuzi wa kompyuta wasaidie kutengeneza ramani itakayoonyesha maovu yanatokea wapi. Waliomwitikia ni pamoja na Juliana Rotich, naye mwanamke mwenye blogu yake, Afromusing, na ndani ya siku chache ikazaliwa ramani hiyo ya mtandaoni, wakaiita Ushahidi. Neno letu la Kiswahili, ambalo miaka miwili baadaye lilikuwa kwenye midomo ya waokoaji wa tetemeko la ardhi la Haiti. Watu wa teknolojia wengi ninaowashonea suti wanaijua Ushahidi. Nikiwauliza ilianzia wapi wanasema "vijana wa Nairobi". Hapo tena, jina limekatwa.

Na Uganda, Machi 2012, dunia nzima ilipokuwa inasambaza ile video ya Wamarekani kuhusu Joseph Kony, kiongozi wa waasi, aliyejirekodi akaeleza kwa utulivu kwamba vita ya kaskazini mwa Uganda haisimuliwi hivyo, na kwamba watu wa kule si watoto wa kuokolewa na wageni, alikuwa Rosebell Kagumire, mwandishi wa habari na mwanablogu. Alikuwa ameshaandika kuhusu mambo hayo muda mrefu kabla kamera za dunia hazijafika. Huo nao ni umbea?

Umbea upo, sikatai. Upo na kwenye blogu za wanaume, na mnausoma.

Mleta mada, kuhusu pesa zenu. Kabla ya kuzungumzia ngao, nikukumbushe mwaka 2018, kwa sababu ndio uliotuzima wengi na watu wamesahau. Kanuni za maudhui ya mtandaoni zilitoka mwezi Machi mwaka ule, zikataka kila mwenye blogu asajiliwe TCRA, yaani Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania. Maombi shilingi 100,000, leseni 1,000,000, halafu ada ya kila mwaka 1,000,000. Ukiendesha bila leseni, faini isiyopungua milioni 5, au kifungo kisichopungua miezi 12, au vyote viwili. Wanaharakati walikwenda Mahakama Kuu Mtwara, zikasimamishwa kwa muda mwezi Mei, kisha zikaendelea, na Juni tukaambiwa asiye na leseni azime. Hata JamiiForums, lile jukwaa kubwa la mijadala mtandaoni, ilifungwa kwa muda mwezi ule.

Mimi nilikuwa nashona gauni la kawaida kwa shilingi 15,000. Piga hesabu: ili nipate milioni moja na laki moja ya kuanzia nilipaswa kushona magauni 74, nisile, nisilipe pango wala umeme wa pasi. Na blogu haikuniingizia hata senti. Nikaizima. Watu wanadhani wanawake tuliacha kuandika kwa uvivu, au kwa sababu tuliolewa. Mimi daftari langu la somo lililofuata, la kushona koti la mtoto, lilikaa kabatini miaka mitatu.

Aliyenirudisha ni mama mmoja Mzanzibari anayeishi Muscat. Alinitafuta hadi akaipata namba yangu kupitia mteja, akaniambia alikuwa ameyachapisha masomo yangu yote kwenye karatasi kabla sijaizima, ameyaweka kwenye faili, na mabinti zake wawili wamejifunzia humo kushona, na Kiswahili chao cha kusoma wamekipata humohumo. Alinitumia picha ya hilo faili. Kila ukurasa, juu kwa kalamu nyekundu, ameandika jina langu. Kila ukurasa, jamani. Siku hiyo sikushona tena.

Tulikuja kuungana wanawake watano, kila mmoja na fani yake, mapishi, bustani, malezi, mimi ushonaji, na mwenzetu anayeandika kuhusu ugonjwa wa kisukari, anaoishi nao. Tukachanga, tukawa na tovuti moja kwa gharama moja. Ugomvi haukosekani, nani aandike lini, nani amechelewesha mchango, lakini tumesimama. Kanuni zimebadilishwa zaidi ya mara moja tangu wakati ule, kwa hiyo anayetaka kuanza leo aulize TCRA mwenyewe, asitegemee viwango vya 2018 nilivyovitaja.

Basi, laki nane. Ngao moja nzuri ya kioo ni gharama, na ikifika nyumbani inakaa juu ya friji. Sizidharau, mama yangu angeifurahia kweli. Ila mkiniuliza mimi, watafuteni wanawake wanne au watano, mwulizeni kila mmoja domeini yake, yaani anwani ya tovuti yake, inaisha lini na anadaiwa shilingi ngapi, mlipeni hiyo. Mnunulieni bando la mwezi. Mmoja wao huenda anaandika kwa simu yenye kioo kilichopasuka, mbadilishieni kioo. Mambo hayo hayapigwi picha na waandishi, lakini ndiyo yanayomfanya aandike wiki ijayo.

Na siku ya hafla fanyeni kitu kimoja ambacho hakina gharama. Mwaka 2009 Suw Charman-Anderson wa Uingereza aliwaomba watu waahidi kwamba tarehe 24 Machi kila mmoja wao ataandika bandiko kuhusu mwanamke mmoja wa teknolojia anayemheshimu. Akaiita Siku ya Ada Lovelace, kwa heshima ya mwanamke wa karne ya 19 aliyeandika maelezo juu ya mashine ya kukokotoa ya Charles Babbage, na siku hiyo inaadhimishwa mpaka leo, sasa ni mwezi Oktoba. Ninyi mko vijana wangapi kwenye kikundi? Kama mko 20, kila mmoja achague mwanamke mmoja, asome kazi zake angalau tano, kisha aandike aya chache: amejifunza nini, amekitumiaje, hakubaliani naye wapi. Aweke kiungo. Msiandike "mwanamke jasiri anayewahamasisha wengi", hiyo inamfaa yeyote na haimtaji mtu. Kijana akiandika kwamba alikata shati la mdogo wake kwa kufuata somo langu na kola ikamshinda, mimi nimeshaenziwa, na kesho yake nitaandika somo la kola.

Jambo la mwisho, komenti. Wapo pia wanawake wengi ambao hawakuondolewa na ada, waliondolewa na matusi. Mwanaume akiandika vibaya anaambiwa amekosea, mwanamke anaambiwa habari za mwili wake na ndoa yake. Mwenzetu wa kisukari alitukanwa usiku mzima kwa sababu alisema dawa za kienyeji zilimlaza hospitali. Wasomaji wake mamia walisoma, wakanyamaza, kisha wakamfuata faraghani kumpa pole. Pole zile alizipokea, ila angefarijika zaidi kama watu watatu tu wangejitokeza palepale hadharani wakasema "kaka, jibu hoja". Kikundi chenu kinaweza kuwa hao watu watatu, mwaka mzima, hafla ikishapita.

Mkishapanga tarehe niambieni mapema. Nitakuja kwa nauli yangu na nitalileta lile gazeti la karanga, bado ninalo. Isiwe Desemba tu, mwezi huo nakuwa na sare za harusi na siwezi kutoka.